Namna Tulivyojitenga na Watu wa Ng'ambo ya Mtaro

Kati ya nyumba yangu na nyumba ya mama yangu kuna hatua hamsini na mtaro mmoja wa maji ya mvua. Mtaro wenyewe si wa kutisha, kuku wanauruka. Lakini kwa miezi saba mimi nilikuwa mwenyeji wa upande mmoja na mama yangu akawa mgeni kutoka upande wa pili, na karatasi zilizotufanya hivyo niliziandika mimi, kwa mkono wangu na kalamu yangu ya bluu. Nalisema mapema nisije nikajifanya shahidi tu. Nilikuwa katibu.

Mtaa wetu uko Kamembe, kwenye mteremko nyuma ya soko. Wengi wetu ni Waislamu wa Kiswahili: mafundi cherehani, wauza vitambaa, maseremala, watu wanaovuka mpaka kwenda Bukavu asubuhi na kurudi na mzigo jioni. Waliojenga juu ya mtaro ni watu wa Juu, waliojenga chini yake ni watu wa Chini. Mimi nilizaliwa Chini nikaolewa Juu. Safari yangu ya harusi ilikuwa zile hatua hamsini, na bado shangazi zangu walilia utadhani napelekwa Kinshasa.

Tangu kabla sijazaliwa, pande hizi mbili zilikuwa na chama kimoja cha shughuli, tukikiita Umoja basi. Umoja ulikuwa na masufuria kumi na mawili ya kupikia watu wengi, mifuniko yake, turubai moja kubwa na nguzo zake. Ukifiwa au ukioza binti, Umoja unakuja na vyombo na mikono ya kupika, na wewe unabaki na kilio chako au furaha yako. Msimamizi wa masufuria alikuwa mama yangu, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, ambaye akitia mkono ndani ya gunia la mchele wa Bugarama anakwambia utataka maji kiasi gani kabla hujafungua mdomo.

Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, mama alimpakata, akamkagua vidole, kisha akasema mbele ya wanawake waliojaa chumbani: "Pilau ya ndoa ya huyu mutoto, ni miye nitapika. Miye mwenyewe. Kisha ile, nitapumuzika." Kwa miaka ishirini na minne alilirudia jambo hilo kila mtoto alipofanya siku ya kuzaliwa, alipofaulu mtihani, hata alipong'olewa jino. Halafu binti akachumbiwa na kijana wa Nkanka, na mama akaanza kuchagua kuni.

Mwaka huohuo ndipo tulipojitenga. Sababu ilikuwa ukoko.

Kwetu ukoko wa pilau ni haki ya wapishi, na wapishi karibu wote walikuwa wa Chini, kwa kuwa Chini ndiko kwenye uwanja wa kuwashia moto. Hakuna aliyeliona hilo kuwa siasa. Basi kwenye harusi moja, fundi wa suti wa upande wa Juu, mwanamume mwenye sauti nzuri aliyekuwa pia mwenyekiti wa Umoja, alituma sahani jikoni aletewe ukoko. Akajibiwa umekwisha. Alipoinuka kwenda kunawa mikono akawakuta wapishi wamekaa kwenye benchi wanautafuna. Mtu mwingine angecheka na kuomba kipande. Yeye aliitisha mkutano.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, alisimama katika ua wa seremala akatuuliza sisi watu wa Juu tutakula wali laini mpaka lini huku wengine wanatafuna kilicho chetu. Nilidhani ni mzaha, nikacheka peke yangu, na watu wakanigeukia. Ijumaa ya pili tayari kulikuwa na bendera. Aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia kilichobaki, ya kijani, katikati sufuria la njano ambalo lilifanana zaidi na kofia. Ijumaa ya tatu kulikuwa na wimbo, na baba mmoja mstaafu akatueleza historia yetu: kwamba watu wa Juu tangu mababu hutia tangawizi kabla ya majani ya chai, na watu wa Chini hutia majani kwanza, na watu wa namna hiyo hawawezi kukaa chama kimoja. Nilikuwa nimeishi Juu miaka ishirini na mitano nikitia chochote kilicho karibu. Jioni hiyo nilijikuta nimesimama jikoni na tangawizi mkononi, nafikiri.

Chini nako wakachacha. Wakasema bila wao watu wa Juu wangekula mchele mbichi, na wakashona bendera yao, kubwa zaidi, kwa shuka.

Mama alikuja kwenye mkutano mmoja tu. Alisubiri kila mtu amalize, akasimama, akarekebisha kikwembe chake begani, ule mtandio wa kitenge ambao hauvuliwi hata jikoni.

"Papa mwenyekiti," alisema, "miye niko na swali moja tu. Tukishaachana, na bintu bikiharibika, tutauliza nani?"

"Maman, hautauliza muntu moja," fundi alijibu kwa upole. "Ni bantu bote njo bataamua."

"Bantu bote ni nani? Miye nataka jina moja na mulango ya nyumba, niende nipige hodi."

Watu walicheka sana. Fundi naye alicheka, akapangusa macho, akampa nafasi msemaji mwingine. Na mimi katika kitabu cha mikutano nikaandika: swali liliulizwa, likajibiwa.

Ikakubaliwa tupige kura, wanachama wote, wa Juu na wa Chini, maana katiba ya Umoja ilitaka hivyo. Na tupige kama tunavyomchagua mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa: hakuna karatasi wala sanduku, unasimama nyuma ya unayemtaka, mistari inahesabiwa, watu wanakwenda kupika. Kinachohesabiwa ni mahali ulipo wakati mwenye kuhesabu anapita. Ila safari hii hatukuwa na wagombea wa kusimama mbele. Kwa hiyo kubaki pamoja kuliwakilishwa na sufuria, na kujitenga kukawakilishwa na bendera ya kijani.

Nawaomba mlitazame jambo hili vizuri, kwa sababu ndani yake hamna hila hata chembe. Sufuria lilikuwa zito, walioleta walilitua katikati ya ua, palepale pumzi ilipowaishia. Bendera haikuwa na mlingoti, kwa hiyo fundi aliitundika kwenye msumari ukutani, barazani kwa seremala. Baraza lile lina bati. Uwanja hauna.

Mwanzoni mambo yalikuwa wazi kabisa. Nyuma ya sufuria watu walijipanga mpaka wakapinda kona na kufika langoni. Barazani walikuwepo fundi, yule baba wa tangawizi na wakwe zao wachache, wanakohoa. Mimi nilisimama mbele karibu na sufuria, bega kwa bega na mama yangu, kitabu kwapani, na miguuni viatu vipya vya ngozi laini, rangi ya maziwa, nilivyovileta kutoka Bukavu siku mbili kabla. Nilikuwa nimevinunua kwa ajili ya harusi ya binti yangu, nikavivaa siku hiyo ili nivilainishe kidogo visije vikanibana.

Mvua yetu hutokea ziwani, na haipigi hodi. Matone ya kwanza yalikuwa mazito kama kunde. Mstari wetu ukatikisika. Mtu mmoja akasema anakwenda barazani mara moja tu, atarudi. Mwingine akamfuata kumwambia asiende, akabaki hukohuko. Kisha ikaanguka yote kwa pamoja, na mstari wa Umoja ukakatika katikati, watu wakakimbia wameshika kandambili mikononi.

Nilitazama viatu vyangu. Nikamwambia mama, "Nakwenda kuweka kitabu pakavu." Nikakimbia.

Barazani tulibanana kiasi kwamba bendera ilikuwa imefunika uso wa muuza maandazi. Hapo fundi, ambaye hata yeye alionekana kushangaa, akaniambia: "Katibu, hesabu." Ningeweza kusema tusubiri. Kauli hiyo ilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikatoa kalamu nikaanza kuhesabu, na nilipofika kwangu nikajihesabu. Kisha nikahesabu waliobaki uwanjani. Walikuwa tisa, na watatu kati yao walikuwa na miavuli. Mama alikuwa amejitanda kikwembe kichwani, mkono wake wa kushoto ameunyoosha pembeni na upindo wa kitambaa ukining'inia kwenye mkono huo. Nikadhani analikinga sufuria.

Mvua ilikaa dakika ishirini, likawaka jua la kuchoma. Mmoja wa wale wenye miavuli akaomba tuhesabu upya.

"Bantu balisha sema," fundi alijibu. "Mvua haikuvoti."

Mimi nilingoja mtu aseme ukweli. Niliwatazama mmoja mmoja: walikuwa wanakamua nguo na kukwepa macho. Lakini kufika jioni walikuwa wameshapata maneno. Jirani yangu, ambaye nilimwona kwa macho yangu akiruka benchi kukimbilia bati, aliniambia kwenye uzio, "Miye ile wazo nilikuwa nayo tangu zamani." Muuza maandazi alisema hakuna aliyemlazimisha. Na watu wa Chini waliokimbia mvua, ambao kwa kura zao wenyewe walikuwa wamewafukuza watu wa Juu, walisema walitaka tuondoke siku nyingi. Kufika Ijumaa, usingempata Kamembe nzima mtu wa kukubali kwamba siku ile alikimbia mvua tu. Na mimi sikusema. Nililala na viatu vyangu chini ya kitanda, vikavu.

Kugawana kulifuata busara ileile. Kamati iliyoundwa kwa kazi hiyo ikaamua kila upande ubaki na kilichokuwa kwake siku ya kura. Masufuria yalikuwa Juu, maana msiba wa mwisho ulikuwa Juu. Mifuniko ilikuwa Chini, imetundikwa ukutani kwa mama, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akiisugua. Nguzo zikabaki Juu. Turubai likabaki Chini. Nilipouliza kama kuna mtu anayeliona tatizo, nikaambiwa katibu haulizi, anaandika.

Nikaandika. Kifungu cha nne cha sheria za Juu kilisema mtu wa Chini haruhusiwi kugusa sufuria la Juu.

"Hata mama yangu?" niliuliza.

"Katibu," fundi alisema, "sheria haina mama."

Msiba wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa Juu, nao ukanyeshewa. Tulisimamisha nguzo zote kumi na sita, tukazifunga kamba vizuri, tukaketi chini yake na maji yakitushuka shingoni, na imamu akasoma dua haraka kuliko nilivyowahi kumsikia. Watu wakamwendea fundi. Fundi akawaambia waulize kamati. Kamati ikasema yenyewe inatekeleza tu walichoamua watu. Watu wakatazamana. Wiki iliyofuata fundi alifunga cherehani yake kwenye pikipiki akavuka kwenda Bukavu, akisema huko suti zinatoka zaidi, na simu yake ikawa haipatikani. Malalamiko yakaanza kuletwa kwangu kwa maandishi. Niliyapokea, nikayagonga mhuri, nikayaweka kwenye boksi, na boksi lilipojaa nikatafuta lingine.

Harusi ikakaribia. Nilikwenda kwa mama na mpango wangu: aje Juu kama mgeni wa heshima, akae jikoni, na kama mkono wake ukigusa sufuria kwa bahati mbaya nitageuza uso.

"Kile kifungu, ni nani aliandika?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Basi miye ninaheshimu maandiko ya mutoto yangu."

Nilikasirika. Nilimwambia anajifanya mkaidi, na binti yangu ndiye atakayeumia. Aliendelea kusugua mfuniko ambao ulikuwa hauna sufuria. Nilipojaribu upande wetu, wanawake wa Juu waliokuwa wamejifunza upishi juzijuzi waliniambia kwamba mtu wa Chini akikanyaga jikoni kwao, wao wanakwenda nyumbani. Walisema kwa machozi. Walikuwa wameshona aproni za kijani.

Kwa hiyo tulifanya hivi, na sina namna ya kulieleza likaonekana la akili. Asubuhi ya harusi masufuria manne yalipangwa kwenye ukingo wa mtaro, upande wa Juu. Kwenye ukingo wa Chini mama yangu aliwekewa kiti cha plastiki. Alikuja amevaa nguo yake ya sherehe, akaketi, akaegemeza mwiko wake mrefu begani, na kutoka ng'ambo ile akaanza kupika pilau ambayo haruhusiwi kuigusa.

"Kitunguu bado. Ngoja. Ngoja, mama, bado. Sasa."

"Mchele uingie?"

"Maji ni mingi. Punguza. Si ile sufria, ile ingine."

Moshi ukiwa mwingi hawakumsikia. Wakimsikia, wengine walijifanya hawakusikia. Na wakati wa kufunika ukafika, na mifuniko kumi na miwili ilikuwa pale nyuma ya kiti chake, imeegemezwa ukutani, inang'aa. Sheria ilikataza mtu wa Chini kugusa sufuria, na Chini nao walikuwa na sheria yao kuhusu mifuniko, ambayo kwa bahati nzuri sikuiandika mimi. Tukafunika kwa majani ya migomba. Majani yakanyauka, mvuke ukatoka wote, wapishi wakaongeza moto, mama akasimama kwenye kiti akasema toeni makaa, toeni makaa, mpaka sauti ikamkauka.

Siku hiyo hatimaye watu wa Juu tulipata ukoko wetu. Ulikuwa chini ya sufuria, ulikuwa katikati, na ulikuwa juu. Wageni kutoka Nkanka, watu wa adabu sana, walitafuna, na kishindo cha meno kilishinda spika. Baba mkwe alivunja kipande kwa goti. Binti yangu alikaa kwenye kiti chake cha maharusi na hina mikononi, akatazama sahani, akatazama wanawake waliokuwa wakipita, mmoja mmoja, akimtafuta bibi yake. Kisha akaacha kutafuta, akala.

Baada ya Alasiri, maharusi walipokwisha kuondoka, nilichukua sahani nikavuka ubao wa mtaro. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake. Mwiko ulikuwa mapajani. Alipokea sahani, akatafuna kipande kimoja muda mrefu.

"Hii haiko pilau," alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka tu.

Niliketi chini, kwenye udongo, na zile nguo za harusi. Nilitaka kumwambia kuhusu ile siku, nikaanza kwa kuzunguka, nikataja mvua, kitabu, na jinsi watu walivyosukumana.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa na biatu bipya."

"Nilikuwa naokoa kitabu, Mama."

"Kitabu ilikuwa mu plastiki. Ni miye nilikufungia, asubuhi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau. Au sikusahau.

"Nilikufungulia kikwembe," akaendelea. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, vilevile kama nilivyomwona nikiwa barazani na kalamu yangu. "Nilisema, ameenda kuweka kitabu, atarudia, asikute mahali yake imelowana. Nikashika vile mupaka mvua ikaisha."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na natumaini sitaiona tena. Nililia kama mtoto, nimeshika mguu wa kiti cha plastiki. Nilipoweza kusema nikamwambia kwamba lile swali lake la mkutanoni nililiandika vibaya, kwamba halikujibiwa hata siku moja. Fundi yuko Bukavu, kamati inasema watu, watu wanasema watu. Nikamwambia jina analolitaka ni langu, na mlango anaujua.

Hakunibembeleza. Aliweka sahani chini, akainama, akanigonga kwenye paji la uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu aliye nje ya nyumba ya watu.

"Hodi," alisema.

Nilishindwa kuitika. Akagonga tena, akasema hodi. Kwetu hodi hupigwa mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Alipoinua mkono mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama, nimemshika kiwiko kumwelekeza kwenye ubao wa mtaro, namwambia karibu, Mama, karibu ndani.